Rachel Ruysch, Mchoraji wa Maua

Wenzangu wengi hudhani kuchora maua ni kazi ya kupitisha wakati tu. Basi napenda kuwapa habari za mwanamke mmoja wa Uholanzi aliyeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 60, akapata kwayo heshima na mali.

Rachel Ruysch alizaliwa mjini The Hague mwaka 1664, akalelewa Amsterdam. Baba yake, Frederik, alikuwa mganga na mwalimu wa elimu ya mimea. Nyumbani kwao mlikuwa na wadudu, wanyama, hata viungo vya maiti, vyote vimehifadhiwa visioze. Mwaka 1717 Peter, mfalme wa Urusi, aliununua mkusanyo huo. Nadhani ni humo binti alimojifunza kutazama vitu vidogo kwa makini.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 akawekwa kwa fundi Willem van Aelst ajifunze kuchora.

Zamani hizo Waholanzi walizisoma picha za maua kama barua. Ua lililonyauka lilikumbusha kifo. Kipepeo, kwa kuwa hutoka katika kifuko kama atokaye kaburini, alikuwa mfano wa roho. Na ua la tulipu? Hilo liliwakumbusha wengi upumbavu wao wenyewe, maana watu walikuwa wameshindania vitunguu vyake kwa bei za ajabu, hata mwaka 1637 bei ikaanguka ghafula. Tena Rachel aliweza kutia katika chombo kimoja maua ya majira mbalimbali, yasiyochanua pamoja hata siku moja. Lakini mimi siamini kwamba kila ua lake ni mahubiri. Mengine, naona, aliyaweka kwa sababu shina lake lilipinda vizuri.

Mwaka 1693 aliolewa na Juriaen Pool, mchoraji wa sura za watu. Wakazaa watoto 10, na mama hakuiacha brashi. Mwaka 1701 akaingizwa katika chama cha wachoraji cha The Hague, mwanamke wa kwanza kupokewa humo. Mwaka 1708 mtawala Johann Wilhelm wa Düsseldorf alimfanya mchoraji wake, akimruhusu kukaa kwake Amsterdam na kupeleka picha tu. Kazi hiyo ilidumu mpaka mtawala alipofariki mwaka 1716. Mwaka 1723 yeye na mumewe wakashinda bahati nasibu, wakapata fedha nyingi sana. Mtu mwingine angestarehe moja kwa moja.

Yeye baadaye alirudia kazi. Alifariki mwaka 1750, mwenye umri wa miaka 86. Katika picha za uzeeni alizoea kuandika umri wake kando ya jina, na mwaka 1747, chini ya maua machache yaliyochorwa kwa mkono usiotetemeka, aliandika 83.