Haroun Tazieff, mtaalamu wa Nyiragongo aliyepinga watu kuhamishwa

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru wakaaji wa kata 10 za mji wa Goma wahame. Kata ya Katindo haikuwa kwenye orodha. Lakini matetemeko yalikuwa yanatikisa mji mzima, na hata nje ya kata zile 10 watu walifunga mizigo na kushika njia ya Sake. Wataalamu waliogopa moto utoke chini ya mji au chini ya Ziwa Kivu. Haukutoka.

Je, ilifaa kuhamisha watu? Swali la namna hiyo ndilo lililomgharimu kazi Haroun Tazieff, mtu aliyejifunza volkano hapa Kivu.

Tazieff alizaliwa Warsaw mwaka 1914, baba yake akafa vitani akiwa bado mtoto mchanga. Alikulia Ubelgiji, akasomea kilimo kisha jiolojia ya migodi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaja Kongo kutafuta madini. Mwaka 1948 moto ulipasuka Kituro, ubavuni mwa Nyamulagira, naye akatumwa kuangalia. Hakuwa amesomea volkano. Mwaka uleule alishuka ndani ya shimo la Nyiragongo na kuona ziwa la moto likichemka. Tangu hapo, madini hayakumvuta tena.

Miaka ilipita, akapata uraia wa Ufaransa na jina kubwa kwa vitabu na filamu zake. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara ya volkano katika taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris. Huko Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa, mlima La Soufrière ukaanza kutoa mvuke na majivu. Wataalamu wengine walisema ndani ya majivu kuna dalili ya moto mpya unaopanda. Tazieff alikataa: kwake ile ilikuwa mvuke tu, na mawe yanayorushwa ni ya zamani.

Wakubwa wa serikali walikuwa na hofu yenye sababu. Mwaka 1902, katika kisiwa jirani cha Martinique, mlima Pelée uliua karibu watu wote wa mji wa Saint-Pierre, zaidi ya 28.000, kwa dakika chache, baada ya wakaaji kuachwa nyumbani kwao. Basi tarehe 15 Agosti 1976 watu zaidi ya 70.000 waliamriwa kuhama. Walikaa mbali kwa miezi, kazi na mavuno vikaharibika.

Tarehe 30 Agosti Tazieff mwenyewe alikuwa juu ya mlima na wenzake mlipuko ulipowakuta. Mawe yaliwapiga, wakapona kidogo tu. Hata hivyo hakubadili neno. Aliendelea kuwashambulia wakubwa wake hadharani, na mkurugenzi wa taasisi, Claude Allègre, akamwondoa kwenye cheo.

Moto mpya haukutoka La Soufrière, na hakuna aliyekufa. Kuhusu mlima, Tazieff alikuwa na haki. Lakini aliyetia sahihi amri ya kuhama hakuweza kungoja mpaka mwisho ili ajue nani kati ya wataalamu anasema kweli, na jambo hilo Tazieff hakulipa uzito wake.

Miezi michache baadaye, tarehe 10 Januari 1977, Nyiragongo ulipasuka. Ziwa alilolijua vizuri lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, na moto mwepesi kama maji ukaua watu vijijini kaskazini mwa Goma. Tazieff aliandika utafiti juu ya mlipuko huo na kuuita wa pekee.

Mwaka 1984 serikali ya Ufaransa ilimpa wadhifa wa kushughulikia maafa makubwa, yaani yule aliyefukuzwa sasa alikuwa upande wa wanaotoa amri. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1998. Miaka minne baadaye, Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani.