Muuza Vyungu Aliyeimba

Mama yangu huuza michembe na viazi vitamu katika soko la Bariadi, nami kila Jumamosi humsaidia kunadi. Nina sauti kubwa, na baadhi ya wenzangu wamenicheka kwa ajili yake. Muhula uliopita niliposhauriwa niingie katika kwaya ya shule, nilikataa kwa haya. Kisha nikasoma kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Nimeona vema niwaeleze kwa ufupi habari za mwanamke huyo.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Mama yake alikuwa Mzigua na baba yake Mnyamwezi. Basi kwa upande wa baba alikuwa ndugu yetu sisi Wasukuma, maana lugha zetu zafanana sana. Wazazi wake walikuwa maskini, naye akapewa jina la Mtumwa. Wakati ule utumwa ulikuwapo bado. Amri ya kuufuta katika Unguja ilitolewa mwaka 1897. Hakupata kusoma shule. Alijifunza kufinyanga vyungu, akawa akivitembeza mpaka mjini, huku akinadi kwa kuimba. Watu waliisikia sauti yake kutoka mbali wakajua kwamba vyungu vinakuja.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mpiga muziki Ali Muhsin, ambaye alimfundisha kuimba taarabu. Baadaye akaimba pamoja na wapigaji hodari kama Mbaruk Talsam, Subeti Ambar na Buda Swedi. Siku zile taarabu ilikuwa ya Kiarabu, nayo ilipigwa katika majumba ya wakubwa. Siti aliiimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi na mpishi wakaifahamu. Ndipo Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay, Bara Hindi, kuimba katika santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo.

Hata hivyo walikuwapo waliomdharau. Walitunga nyimbo za kumsimanga kuwa hana sura wala nasaba. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akawaeleza kwamba uzuri wa sura si kitu mtu akikosa akili.

Je, ni nini kilichofanya sauti yake iguse mioyo? Mimi sidhani kuwa ni utamu peke yake. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia mauaji ya mwanamke mmoja mgeni, jinsi mwuaji alivyotoroka, na jinsi wanawake waliotoa ushahidi walivyoadhibiwa wao. Wanyonge waliposikia habari hizo katika santuri, walijua kwamba yupo mtu anayeyaona mambo yao. Hata huku kwetu, baada ya mavuno, Bagalu na Bagika wanaposhindana kwa ngoma, watu humkimbilia manju anayetaja jambo ambalo wote wameliona na hawakuthubutu kulisema.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai 1950. Nyimbo zake hazikufa naye. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwake, akaziimba mpaka uzeeni, katika nchi nyingi za dunia.

Basi, ndugu zangu, nimefikiri sana juu ya msichana yule wa Fumba na vyungu vyake kichwani. Kama angaliona haya kunadi, nani angalimsikia? Jumamosi hii nitakuwa sokoni kwa mama kama kawaida. Jumatatu nitamwendea mwalimu wa kwaya, nimwombe anisamehe na kunipa nafasi, ikiwa ipo bado.