Louis Leakey: Msomi wa Kabete aliyetafuta asili ya mume na mke miongoni mwa nyani

WATALII wanaozuru magofu ya Gede, kilomita zipatazo 16 kusini mwa mji wa Malindi, aghalabu hulakiwa na kima. Wanyama hao hurukaruka juu ya kuta za misikiti na jumba la kifalme, huku wakitarajia kurushiwa ndizi.

Anayewatazama kwa makini hugundua kwamba kundi la kima kwa kawaida huwa na dume mmoja tu aliyekomaa, akizungukwa na majike kadhaa pamoja na watoto wao. Lakini katika msitu jirani wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, nyani wa manjano huishi kwa utaratibu mwingine kabisa. Madume wengi na majike wengi hukaa katika kundi moja, na hakuna dume awezaye kuwamiliki majike wote.

Kwa nini wanyama wa ukoo mmoja, wakaao pwani ile ile na kula matunda ya miti ile ile, watofautiane hivyo katika mambo ya dume na jike? Na je, binadamu wa kale alifuata utaratibu upi? Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyomfanya hayati Dkt Louis Leakey, aliyejulikana zaidi kwa kuchimbua mifupa ya kale, kuanzisha kazi ambayo matunda yake yaliiva baada ya kifo chake.

Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, mwana wa wamishonari Waingereza wa Kanisa la Kianglikana. Alikua akizungumza Kikuyu sawa na wavulana wenzake wa kijiji na akapitishwa jandoni pamoja na rika lake. Miaka mingi baadaye aliandika utafiti mkubwa kuhusu mila za Wakikuyu, zikiwemo taratibu za posa, mahari na ndoa ya wake wengi. Kazi hiyo ilichapishwa katika majuzuu matatu mnamo 1977, wakati ambapo mwandishi wake alikuwa amekwisha kufariki.

Hivyo basi, tangu utotoni alifahamu kwamba ndoa aliyohubiri babake kanisani haikuwa njia pekee ya mwanamume na mwanamke kuishi pamoja.

Maisha yake mwenyewe yalimfunza somo hilo kwa uchungu. Akiwa msomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alimwoa Frida Avern mnamo 1928. Mnamo 1933, mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pili, alikutana na Mary Nicol, kijana wa kike aliyekuwa hodari wa kuchora zana za mawe. Leakey alimwacha mkewe, wakatalikiana mnamo 1936, na Desemba mwaka huo huo akafunga ndoa na Mary. Kashfa hiyo iliwaudhi wakubwa wa Cambridge na kumvurugia matumaini ya kupata cheo chuoni humo. Frida alibaki Uingereza akiwalea watoto wawili, naye Louis akarejea Kenya.

Huko Kenya na Tanganyika, Louis na Mary walijenga jina. Mnamo 1948 Mary aligundua katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Julai 17, 1959, katika bonde la Olduvai, aligundua fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, ambalo umri wake ulibainika kuwa takriban miaka milioni 1.75.

Hata hivyo, mifupa ina mipaka. Fuvu huweza kuonyesha ukubwa wa ubongo, na meno huweza kudokeza chakula kilicholiwa. Ukubwa wa mwili pia husema jambo: pale madume wanapopigania majike, kama ilivyo kwa gorila, dume huwa na uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa jike. Lakini hakuna jiwe wala mfupa unaoweza kueleza iwapo dume alimlinda jike aliyejifungua, au alimwacha na kwenda zake.

Leakey aliamini kwamba jibu lingeweza kupatikana kwa kuwatazama wanyama walio karibu zaidi na binadamu, wakiwa hai na katika misitu yao. Aliamini pia kwamba wanawake wana subira ya kutazama kuliko wanaume. Mnamo 1956 alimtuma Rosalie Osborn kuwachunguza gorila katika milima ya mpakani kusini magharibi mwa Uganda, ingawa kazi hiyo ilidumu miezi michache tu. Huko Tigoni, karibu na Limuru, alianzisha kituo cha utafiti wa nyani ambacho ndicho chimbuko la taasisi ya utafiti huo iliyoko Karen, Nairobi.

Wakati huo Leakey alikuwa msimamizi wa Makavazi ya Coryndon, Nairobi, ambayo baada ya uhuru yaligeuka kuwa Makavazi ya Kitaifa. Taasisi hiyo ndiyo inayoyatunza magofu ya Gede hadi leo. Ni katika makavazi hayo ambapo kijana Mwingereza, Jane Goodall, aliajiriwa kuwa katibu wake mnamo 1957. Hakuwa na shahada yoyote. Leakey alimtafutia dola 3,000 kutoka kwa mfadhili wa Kimarekani, na Julai 1960 Goodall akafika Gombe, Kigoma, kuwachunguza sokwe.

Aliyoyaona huko hayakufanana na ndoa. Jike wa sokwe anapokuwa tayari kupandwa hufuatwa na madume wengi, kama alivyofuatwa jike mzee aliyeitwa Flo mnamo 1963. Wakati mwingine dume humshawishi jike waondoke wawili, wakajitenga kwa siku au majuma kadhaa, lakini uhusiano huo haudumu. Kifungo kinachodumu miongoni mwa sokwe ni cha mama na mtoto wake, na kile cha madume kwa madume wanaolinda mipaka ya kundi lao.

Mnamo 1967 Leakey alimtuma Dian Fossey kwa gorila wa milimani, kwanza Kongo na kisha Rwanda, ambako aliuawa mnamo Desemba 1985. Miongoni mwa gorila, jike huweza kukaa miaka mingi kando ya dume mmoja mkubwa mwenye manyoya meupe mgongoni. Sababu yake ni ya kusikitisha: dume huyo anapokufa, dume mgeni huweza kuwaua watoto wachanga wa kundi. Jike, kwa hiyo, humchagua mlinzi.

Mtafiti wa tatu, Biruté Galdikas, alifika Borneo, nchini Indonesia, mnamo 1971. Orangutani wa huko huishi kwa upweke. Dume na jike hukutana kwa muda mfupi na kuachana, naye mama hubeba mzigo wa malezi peke yake kwa miaka ipatayo saba.

Kwa hiyo, Leakey alipotarajia picha ya binadamu wa kwanza, aliletewa picha tatu zisizopatana. Hakupata fursa ya kuzilinganisha. Miaka yake ya mwisho aliitumia safarini akitafuta fedha za watafiti wake, ilhali Mary alibaki Olduvai, na ndoa iliyomgharimu jina ikabaki kuwa ya watu wawili wanaoishi mbalimbali. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo jijini London mnamo Oktoba 1, 1972, mwaka ule ule aliokufa Flo, na akazikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Mwanga zaidi ulitoka kwa nyani wa kawaida, wale wanaofukuzwa mashambani. Mnamo 1985 Mmarekani Barbara Smuts alichapisha utafiti wake wa nyani wa eneo la Gilgil. Alionyesha kwamba jike huwa na rafiki dume mmoja au wawili, ambao huketi naye, huchambuana naye manyoya na kumtetea yeye na mtoto wake, hata wakati asipokuwa tayari kupandwa. Nguvu peke yake haimpi dume nafasi hiyo. Hana budi kuaminiwa.

Huko Amboseli, ambako nyani wa manjano, jamaa za wale wa Arabuko-Sokoke, wamechunguzwa tangu 1971, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mnamo 2003 ulionyesha kwamba madume huwasaidia zaidi watoto waliowazaa wenyewe vijana hao wanapogombana na wenzao. Mnamo 2014 ikabainika kwamba majike wenye uhusiano wa karibu na majike wenzao, na pia na madume, huishi muda mrefu zaidi.

Somo linalotokana na kazi aliyoianzisha Leakey ni kwamba maumbile hayakuweka kanuni moja ya dume na jike. Uhusiano hudumu pale unapokuwa na kazi ya kufanya, na mara nyingi kazi hiyo ni kumlinda mtoto. Yeyote anayedai kwamba nyani humfundisha mwanamume kutawala, au kumtelekeza mke, hajawatazama vya kutosha.

Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wana haki ya kulalamika nyani wanapovamia mahindi yao, na wanastahili kusaidiwa. Lakini dume mmoja anapouawa shambani, huenda kundi likapoteza zaidi ya mwizi mmoja. Huenda msituni akabaki jike asiye na wa kumtetea, na mtoto asiye na mlinzi.