Robert Smalls: Baharia aliyeikomboa familia yake kwa meli ya adui

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI ya Mei 13, 1862, meli ya mvuke iitwayo Planter iliondoka gatini katika bandari ya Charleston, Jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Aliyeiongoza, akiwa amevaa kofia pana ya majani mfano wa ile ya nahodha wake Mzungu, alikuwa mtumwa mwenye umri wa miaka 23. Jina lake Robert Smalls.

Meli hiyo ilikuwa ikitumiwa na majimbo ya Kusini yaliyojitenga na kupigana na Serikali ya Rais Abraham Lincoln ili, pamoja na mengine, yaendelee kumiliki watumwa. Usiku huo nahodha na wasaidizi wake walikwenda kulala mjini. Mabaharia watumwa waliobaki waliwasha moto wa mitambo, wakasogea hadi gati jingine na kuwapakia wake na watoto wao waliokuwa wamejificha. Miongoni mwao alikuwamo Hannah, mke wa Smalls, na watoto wao wawili wadogo.

Smalls alikuwa amemwoa Hannah mwaka 1856. Kwa kuwa Hannah naye alikuwa mtumwa, watoto waliozaliwa walikuwa mali ya bwana wa mama yao na wangeweza kuuzwa popote wakati wowote. Alijaribu kuwanunua mkewe na binti yake wa kwanza, lakini bei iliyotajwa ilikuwa dola 800. Kwa mtu ambaye ujira wake karibu wote ulichukuliwa na bwana wake, hizo zilikuwa fedha za ndoto. Bahari ndiyo njia pekee iliyobaki.

Planter ilipita ngome moja baada ya nyingine, huku Smalls akitoa ishara za honi alizokuwa amezikariri kwa kumtazama nahodha wake. Mbele ya Fort Sumter, ngome iliyoogopwa kuliko zote, alivuta honi kama ilivyotakiwa na walinzi wakamruhusu kupita. Walipotoka nje ya masafa ya mizinga, bendera ya Kusini ilishushwa na shuka jeupe likapandishwa. Watu 16 waliokuwamo melini wakawa huru. Ilikuwa miaka 11 kabla ya kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar.

Pamoja na meli hiyo, Jeshi la Wanamaji la Kaskazini lilipata mizinga, kitabu cha ishara za siri na taarifa za mabomu yaliyotegwa majini. Bunge liliidhinisha zawadi kwa mabaharia hao, na fungu la Smalls lilikuwa dola 1,500. Angeweza kutulia na familia yake, lakini alirudi vitani akiwa rubani wa meli katika maji aliyoyafahamu tangu ujana wake.

Aprili 1863 aliiongoza Keokuk, meli ya deraya, katika shambulio dhidi ya Charleston. Ilipigwa makombora yapatayo 90 na kuzama siku iliyofuata, lakini Smalls alinusurika. Desemba mwaka huo, Planter iliposhambuliwa vikali, nahodha wake alikimbilia ghala la makaa ya mawe. Smalls alishika uongozi akaitoa meli salama, na kwa ushujaa huo akafanywa nahodha wake.

Smalls alizaliwa Aprili 5, 1839 mjini Beaufort, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana aliyemmiliki mama yake, Lydia. Akiwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya vibarua. Wakati wa vita, nyumba hiyo ya bwana wake ilipopigwa mnada kwa sababu ya kodi, Smalls aliinunua na kuihamishia familia yake humo. Mmiliki mwingine wa zamani wa mali hiyo alimshitaki hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Smalls akashinda mwaka 1878. Husimuliwa kwamba mke wa bwana wake wa zamani aliporudi akiwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu, Smalls alimpokea na kumtunza humo.

Mtu huyo aliyekuwa mtu mzima alipojifunza kusoma alishiriki mwaka 1868 kuandika Katiba ya South Carolina, akitetea elimu ya bure kwa watoto wote. Kuanzia mwaka 1875 hadi 1887 alihudumu vipindi vitano katika Bunge la Marekani. Safari hiyo haikukosa mawimbi. Mwaka 1877 alitiwa hatiani kwa madai ya rushwa, kesi ambayo wafuasi wake waliiona kuwa njama ya kuwaondoa weusi katika siasa, na mwaka 1879 akasamehewa. Baadaye alikuwa mkuu wa forodha Beaufort kwa miaka mingi.

Hannah alifariki dunia mwaka 1883. Mwaka 1890 Smalls alimwoa Annie Wigg, mwalimu, wakapata mtoto wa kiume, lakini naye Annie alifariki mwaka 1895.

Jambo lililomsumbua kwa muda mrefu ni haki yake ya ubaharia. Kwa kuwa hakuwahi kupewa hati rasmi ya uofisa wa wanamaji, alinyimwa pensheni ya cheo alichokitumikia. Bunge lilipitisha sheria maalumu ya kumpa pensheni ya nahodha, dola 30 kwa mwezi, mwaka 1897 tu. Ilikuwa miaka 35 tangu alfajiri ile ya Charleston.

Robert Smalls alifariki dunia Februari 23, 1915, akiwa na umri wa miaka 75, katika nyumba ileile ya Beaufort ambayo nyuma yake alizaliwa mtumwa. Mwaka 2023 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliipa jina lake moja ya manowari zake, ambayo awali ilikuwa imepewa jina la vita walivyoshinda watu wa Kusini. Aliyelazimika kuvaa kofia ya mwingine ili apite bandarini, sasa jina lake mwenyewe liliandikwa ubavuni mwa meli.