Askofu Alexander Muge na Safari ya Busia

Ni desturi ya kurasa hizi kuwasimulia wasomaji maisha ya watu waliotutangulia, ili tupate mazingatio, wala si kwa kupitisha wakati. Mara nyingi huwataja maulamaa na viongozi wa umma wetu. Safari hii twamleta mtu asiyekuwa wa dini yetu, naye ni Alexander Kipsang Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret, aliyefariki mwaka 1990. Asistaajabu msomaji. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume wetu (S.A.W.) aliwaelekeza wakimbilie Habasha, kwa kuwa huko alikuwako mfalme wa Kinasara ambaye katika nchi yake hakudhulumiwa mtu. Basi haki haiulizwi kabila lake, na aliyeisimamia hutajwa kwa wema popote alipotoka.

Muge alikuwa mtu wa Nandi, aliyezaliwa katika miaka ya 1940. Kabla ya kuingia katika kazi ya kanisa alitumikia kikosi cha GSU, nacho ndicho kikosi cha polisi ambacho serikali ya Kenya hukitegemea katika kutuliza ghasia. Kwa hivyo aliijua nguvu ya dola kwa ndani, na aliyajua maumivu ya rungu kwa kuwa aliwahi kuwa upande wa wenye kulishika. Aliiacha silaha, akasomea uchungaji, akahudumu Nairobi, na mwaka 1983 akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa jimbo jipya la Eldoret.

Wakati ule nchi ilikuwa ikibadilika polepole. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliigeuza katiba na kuifanya KANU kuwa chama cha pekee kwa sheria. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali wakashindwa, na tangu hapo khofu ikawa ndiyo mshauri mkubwa wa watawala. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi wa hesabu za serikali waliondolewa kinga iliyowazuia wasifukuzwe kazi ovyo. Mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa kinga hiyo. Kila hatua ilikuwa na udhuru wake: mara ni kwa ajili ya umoja, mara kwa ajili ya amani, mara kwa ajili ya maendeleo. Ndivyo udhalimu ujengwavyo. Hauingii nyumbani kwa kuvunja mlango. Huomba tofali moja leo na moja kesho, mpaka mwenye nyumba akajikuta amezungukwa na ukuta wasiokuwa na dirisha.

Jambo lililozidi yote lilikuwa ni upigaji kura wa mlolongo. Wanachama wa KANU walitakiwa wajipange hadharani nyuma ya mgombea wao au wakala wake, wahesabiwe mbele ya macho ya chifu, ya tajiri wao wa kazi, na ya kila mwenye uwezo wa kuwadhuru. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja kwenda bungeni, pasi na kura ya siri. Katika uchaguzi wa 1988 watu waliona kwa macho yao mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Jarida la Beyond, lililokuwa la Baraza la Makanisa, liliyaandika hayo likapigwa marufuku.

Muge alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa kanisa, pamoja na Henry Okullu na David Gitari, waliokataa kunyamaza. Aliupinga mlolongo. Alisema wazi juu ya unyakuzi wa ardhi na juu ya rushwa. Njaa ilipowapata watu wa Pokot, aliitangaza, ijapokuwa wakubwa hawakupenda itajwe. Na yafaa tuzingatie kwamba Rais Daniel arap Moi alikuwa Mkalenjin, na Muge naye alikuwa Mkalenjin. Lau angalitaka kula kwa jina la kabila, meza ilikuwa tayari imeandaliwa. Lakini aliona kwamba dhulma ifanywayo na jamaa yako haigeuki kuwa uadilifu kwa sababu ya ujamaa.

Ukaja mwaka 1990. Mwezi wa Februari Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa. Mwezi wa Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai vyama vingi viruhusiwe. Mwezi wa Julai wakatiwa kizuizini, na tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, ghasia zikazuka. Katika siku hizo ndipo Peter Okondo, Waziri wa Kazi na mbunge wa upande wa Busia, aliposimama hadharani akawaonya Muge na Okullu wasikanyage ardhi ya Busia. Aliwaambia kwamba wakija wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai.

Msomaji wa pwani huenda asiijue Busia. Ni mji wa mpakani, nusu yake Kenya na nusu yake Uganda, na kaskazini yake iko Malaba, ambako reli na barabara kuu ya kutoka Mombasa huvuka kwenda Tororo na Kampala. Hapo wakaa Waluhya na Wateso ambao jamaa zao wako ng'ambo ya pili. Watu hawa waliuona utawala wa Idi Amin, 1971 mpaka 1979, kutoka mlangoni pao. Waliwapokea waliokimbia. Walisikia jinsi Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alivyotolewa mahakamani kwa nguvu mwaka 1972, asionekane tena. Walisikia pia, mwezi wa Februari 1977, serikali ya Kampala ikitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, ambaye alikuwa mwenyeji wa upande wa Tororo, wamekufa katika ajali ya gari, na ulimwengu wote ukajua kwamba waliuawa. Basi kitisho cha waziri yule hakikuangukia masikio mageni.

Busia haikuwa katika jimbo la Muge. Angaliweza kubaki Eldoret, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini alifahamu kwamba kitisho kile hakikumhusu yeye peke yake. Mtu akikubali kwamba mbunge anaweza kuifunga wilaya kama afungavyo mtu zizi lake, basi nchi imekwisha gawanywa kwa mabwana, na raia amekuwa mgeni katika ardhi yake mwenyewe. Kwa hivyo tarehe 14 Agosti 1990 alisafiri mpaka Busia pamoja na watu wa kanisa lake. Watu walijitokeza kwa wingi wakamlaki kwa furaha. Aliomba dua nao, akaagana nao, akashika njia ya kurudi. Kipkaren, karibu na Turbo, gari lake liligongana na lori la maziwa, naye akafa siku ile ile.

Dereva wa lori alishtakiwa akafungwa kwa kosa la kuendesha kwa khatari. Waziri Okondo alijiuzulu baada ya siku chache. Watu wengi hawakuridhika kwamba ile ilikuwa ajali tu, na sisi hatumhukumu mtu kwa jambo ambalo mahakama haikumthibitishia. Lakini twasema hivi: mtawala anayewatishia watu kifo huwa amejinyima mwenyewe haki ya kusadikiwa siku kifo kitokeapo.

Kabla ya mwaka ule kwisha, mlolongo ulifutwa. Mwezi wa Disemba 1991 kifungu cha chama kimoja kiliondolewa katika katiba, na tarehe 29 Disemba 1992 watu walipiga kura kwa vyama vingi. Hata hivyo mambo hayakunyooka mara moja. Mwaka ule ule wa 1992 chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili, na Mombasa ikaingia katika fujo. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoandika wazi kwamba kura ni ya siri, na kwamba kila mtu ana haki ya kwenda popote nchini.

Pwani nayo ina watu wake waliolipa thamani ya neno. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka aliouliza ndani yake nchi yaelekea wapi. Alamin Mazrui alitiwa kizuizini mwaka 1982. Hatuna udhuru, basi, wa kusema kwamba mambo haya ni ya bara.

Na mazingatio yaliyo karibu nasi zaidi ni haya. Mlolongo haukuwako katika viwanja vya chifu peke yake. Tazameni kamati zetu za misikiti, za madrasa na za vyama vya kusaidiana. Ni ngapi ambazo mwenyekiti wake hachaguliwi, hahojiwi, wala hatoi hesabu ya mali ya waqfu, na mwenye kuuliza huambiwa kwamba aleta fitna? Aliyezoea kunyamaza mbele ya mwenyekiti wa mtaa hatapata ulimi mbele ya waziri. Dini yetu imeamrisha mashauriano, na Mtume (S.A.W.) amelihesabu neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi iliyo bora. Agizo hilo tumelisoma tangu utotoni. Itakuwa aibu kwetu kuona wengine wakilitenda na sisi tukilihifadhi kwa moyo tu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuisema haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu. Amin.