Salum Abdallah: Aliondoka, Sauti Ikabaki

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Vijana wa enzi zake walipenda sana santuri za Kuba, naye mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Mapigo yakawa ya Kuba, maneno yakawa ya Kiswahili. Nyimbo zake zikarekodiwa, zikapigwa redioni, zikavuka mipaka ya Morogoro. Huku kwetu Tabora nako walitamba Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz.

Tarehe 19 Novemba 1965 alifariki kwa ajali ya gari, hata miaka 40 hajafikisha. Bendi ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Leo mjukuu ambaye hakumwona anaweza kumsikiliza.

Ndugu zangu wanaKigwa, njia ya misafara ilipita hapa kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba wakiwa na mizigo mabegani, na majina ya waimbaji wale hatunayo. Wengi wao hawakurekodiwa. Wazee wetu wanaojua nyimbo za zamani nao wanaondoka mmoja mmoja.

Mimi ni mtu wa mahesabu. Najua madarasa na maji havina mbadala. Lakini naomba katika michango ya mwaka huu tutenge fungu dogo la kurekodi wazee hao, na ubao shuleni wenye majina ya wasanii wetu. Darasa tukichelewa tutajenga mwakani. Mzee akishazikwa, hakuna mchango utakaomrudisha aimbe.