Mzee wa Maziwa Lala

Ukisikia mama mchanga akiuziwa matone ya bakteria wazuri ili mtoi asipate ukurutu au mzio, jua hilo wazo lina mwenyewe. Anaitwa Élie Metchnikoff, alizaliwa 1845 karibu na Kharkiv, Ukraine. Digrii ya miaka minne aliimaliza kwa miwili. (Mimi yangu bado iko chuoni.)

Lakini usidhani maisha yalimnyookea. Mkewe Ludmila alikufa kwa kifua kikuu 1873, naye akajaribu kujiua. Akapona. 1882 huko Messina, Italia, alidunga mwiba kwenye kiti cha pweza mchanga, kesho yake akakuta chembe za mwili zimeuzingira kama askari. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa mwili unavyojilinda, na 1908 akapata Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Uzeeni, akiwa Paris, alishuku kwamba bakteria wabaya tumboni ndio hutuzeesha. Alisikia wakulima wa Bulgaria huishi sana na hupenda mtindi, basi naye akawa anakunywa maziwa yaliyochachushwa kila siku. Alikufa 1916, miaka 71. Si haba, ila mia hakufika.

Ukurutu wa watoto hakuugusa. Hiyo ni kazi ya Wafini: 2001 walichapisha utafiti ambapo bakteria walipunguza ukurutu kwa karibu nusu, kwa watoto wa familia zenye mzio. Shida ni kwamba waliorudia baadaye hawakupata jibu moja, na matone dukani bei ni ileile.